Jinsi ya kwenda kupima shingo ya kizazi wakati aibu inakurudisha mlangoni

Naandika hii kwa wadada na mama zangu ambao wanajua kabisa wanatakiwa wakapime saratani ya shingo ya kizazi, wameshasikia redioni, wameshaambiwa na nesi kliniki ya mtoto, na bado kila wakipanga kwenda siku inapita. Sio wavivu, ni aibu tu. Mi nilikaa na hiyo aibu karibu miaka 4 na kuna siku nilifika mpaka dirisha la mapokezi nikageuza nikarudi nyumbani, kwa hiyo ninachoandika hapa ni vile vitu ambavyo natamani mtu angeniambia mapema, kuanzia siku ya kupanga mpaka siku ya majibu.

Kuna watu watakwambia "we si umeshazaa, aibu ya nini tena", na wazee wetu wana msemo wao kabisa, mficha uchi hazai. Sawa. Lakini mi nimezaa watoto 3 na aibu ilikuwepo palepale, baadae ndo nikaelewa kwa nini. Leba unaenda uchungu umekushika, hujali nani anaona nini, unachotaka mtoto atoke. Hapa unaenda mzima, umeoga, umesuka, huumwi popote, alafu unapanda kitandani kwa miguu yako na unavua kwa mikono yako. Aibu inapata nafasi ya kukaa. Na hicho kipimo kimewekwa kwa ajili ya mtu mzima hivyohivyo, sio mgonjwa, kwa sababu seli za mlango wa kizazi, ndo hiyohiyo shingo ya kizazi, zikianza kubadilika zinachukua muda mrefu sana mpaka ziwe saratani, kwa kawaida miaka 15 hadi 20, kwa mwenye kinga dhaifu inaweza kuwa miaka 5 hadi 10, na muda wote huo hausikii kitu. Ukisubiri dalili, damu baada ya tendo, damu baada ya hedhi kukoma, uchafu wenye harufu kali, maumivu ya kiuno, mara nyingi unakuwa umeshachelewa. Tanzania kwa mwaka 2020 peke yake ilikadiriwa wanawake zaidi ya 10,000 walipata saratani hii na zaidi ya 6,000 walikufa. Wengi wangeweza kushikwa mapema.

Hatua ya kwanza: jua aibu yako iko wapi hasa

Usiseme tu "naona aibu". Kaa chini ujiulize, naona aibu ya nini? Maana aibu ya kupima sio moja, ni kama nne tano zimefungwa pamoja na kila moja ina dawa yake. Kuna mtu tatizo lake ni kusema lile neno dirishani watu wakimsikia. Mwingine anaogopa kukutana na jirani kwenye benchi. Mwingine anaogopa atapewa kijana wa kiume umri wa mwanae. Mwingine ni mwili wake, nywele za chini, harufu, kovu la kuongezewa njia, au amekeketwa na hajawahi kuonwa na mtu yeyote zaidi ya mumewe. Na kuna wale ambao hawaogopi chumba wala nesi, wanaogopa majibu, ila majibu yanajificha nyuma ya aibu kwa sababu kusema "naona aibu" ni rahisi kuliko kusema "naogopa".

Yangu ilikuwa dirishani. Mara ya kwanza nilipoenda kituo kimoja cha afya, yule dada wa mapokezi alisimama akaita kwa sauti, "wa shingo ya kizazi wapite huku!", benchi lote wakageuka na kwenye lile benchi kulikuwa na baba mmoja tunaswali nae msikiti mmoja. Nikajifanya napokea simu nikatoka nje. Nyumbani nikasema foleni ilikuwa ndefu. Miaka miwili ikapita hivyohivyo.

Hatua ya pili: lile wazo la umalaya litoe kwanza

Hili nalisema mapema kwa sababu lisipotoka hizo hatua nyingine hazitasaidia. Saratani hii kwa karibu wote inasababishwa na kirusi cha HPV ambacho kinaambukizwa kwa kujamiiana, na watu wakishasikia hivyo wanaona kwenda kupima ni kama kukiri kitu. Sikiliza. Hiki kirusi kipo kwa watu wengi mno, karibu kila mtu aliyewahi kufanya tendo anakipata wakati fulani maishani, wengi mwili unakitoa wenyewe bila hata wao kujua. Mwanamke wa mume mmoja anakipata. Aliyeolewa bikira anakipata. Mjane aliyekaa miaka 10 peke yake anaweza kuwa nacho toka zamani. Hakina uhusiano wowote na heshima yako na nesi anajua hilo kuliko wewe.

Na usichanganye na VVU, hivi ni virusi viwili tofauti. Ila mwanamke mwenye VVU hatari yake ya kupata saratani hii ni karibu mara 6 zaidi, ndo maana ukienda wanaweza kukuuliza hali yako au kukushauri upime. Ukiulizwa usishtuke wala usifikirie wamekuona una dalili.

Hatua ya tatu: chagua sehemu na siku, we ndo uchague

Kwa ujumla kipimo ni kwa wanawake kuanzia miaka 30, hasa kati ya 30 na 50, na wenye VVU wanaanza mapema zaidi, miaka 25. Kwa Dar kuna Ocean Road, taasisi ya saratani, pale wanapima hata watu ambao hawaumwi kabisa. Mikoani uliza hospitali ya rufaa ya mkoa, ya wilaya, vituo vya afya vingi sasa hivi pia wanapima palepale kliniki ya mama na mtoto, na UMATI na Marie Stopes nao wanapima. Za serikali mara nyingi ni bure lakini ulizia kabla ili usije ukafika ukaanza tena aibu ya hela.

Kama aibu yako ni ya kuonwa na watu wa mtaani, nenda kituo cha mbali. Hamna sheria inayosema upime kwenye kata yako. Ongeza nauli ya daladala mbili uende wanakokujua hamna, mi sioni ubaya wowote, bora nauli iende kuliko miaka iende. Na wale wanaoona aibu zaidi wakiwa peke yao wasubiri zile siku za kampeni wanapokuja kupima kwa wingi, foleni yote ni wanawake na kila mmoja anajua mwenzake kaja kufanya nini, aibu inapungua. Kuna watu ni kinyume chake, wanataka siku ya kawaida asubuhi mapema watu wachache. Jijue.

Siku yenyewe isiwe ya hedhi, na siku mbili kabla usifanye tendo, usiweke dawa yoyote ukeni na usijisafishe ndani. Kama umetoka kujifungua subiri wiki 6 zipite, kama una mimba sema mapema watakwambia cha kufanya. Kwa sisi tunaofunga, masheikh wana maoni tofauti kuhusu vipimo vya ndani wakati wa saumu, kwa hiyo ili moyo wako usiwe na wasiwasi panga kabla au baada ya Ramadhani, ila usiifanye Ramadhani kuwa sababu alafu Shawwal ikapita, Mfunguo Pili ikapita, mpaka mwaka unaisha.

Hatua ya nne: andaa maneno ya dirishani

Hii ndo iliyonisaidia mimi. Yaani usiende ukategemea maneno yatakuja yenyewe. Yaandae nyumbani, yaseme kwa sauti hata mara 5 wakati unaosha vyombo. Yangu yalikuwa haya: "Shikamoo dada, nimekuja kliniki ya wanawake, kipimo cha kila baada ya miaka mitatu." Basi. Hakuna neno saratani, hakuna neno kizazi, na kila anayefanya kazi pale anaelewa. Kama hata hilo zito andika kwenye kikaratasi, "Naomba kupima shingo ya kizazi, naomba tuongee taratibu", mpe na kitambulisho chako juu. Nimeona mama mmoja wa makamo kafanya hivyo na yule dada akasoma, akamwonyesha mlango kwa kidole, hakuna aliyejua.

Na la nesi wa kike lisemee hapohapo mapokezi, usingojee mpaka umeshavua. "Naomba nihudumiwe na nesi wa kike, kama leo hayupo naomba mnitajie siku yupo." Sio ujeuri, unaomba tu. Vituo vingi wanaopima ni masista wa kike. Lakini kwa kweli kama aliyepo ni mwanaume na kituo kingine ni mbali, fikiria pia kuingia na ndugu yako wa kike au kuomba nesi wa kike asimame humo ndani. Mimi binafsi nisingeweza na sikulaumu kama huwezi. Hospitali kubwa zinazofundisha unaweza kukuta wanafunzi chumbani, una haki ya kusema unaomba wasubiri nje.

Hatua ya tano: nguo na mwili

Vaa dera au gauni pana au sketi, chukua na kanga moja. Suruali inakulazimisha uvue kila kitu chini ubaki unatafuta cha kujifunika, lakini dera unapandisha tu, unavua chupi, kanga unaitandaza mapajani na mwili wote unabaki umefunikwa. Vituoni shuka huwa lipo au halipo, kanga yako ni yako.

Shanga huna haja ya kuvua, zisogeze juu kidogo. Nywele za chini nyoa kama unapenda, usiponyoa haizuii kipimo na nesi hana muda wa kuangalia hizo. Sasa hili la harufu ndo wanawake tunajiharibia wenyewe. Mtu anajua kesho anaenda kupima, usiku anajiosha ndani na sabuni, mwingine anaweka ndimu, mwingine shabu, mwingine anajifukiza, ili nesi asije akasema kitu. Usifanye hivyo. Unajichubua ndani na unamharibia nesi kile alichotakiwa kukiona. Oga kawaida, maji nje inatosha. Na kama una uchafu unaotoka au unawashwa usiufiche, mwambie, maana unaweza kuwa maambukizi na ukapata dawa siku hiyohiyo. Mi nilikutwa na fangasi, nilikuwa nayo miezi nahangaika nayo kimyakimya.

Kwa dada yangu uliyekeketwa: sema kabla hajaanza. Sentensi moja tu, "nimekeketwa, naomba ufanye taratibu". Masista wa Dodoma, Manyara, Mara, Singida wameona wengi sana, hatakushangaa. Anahitaji kujua ili achague kifaa kidogo na asikuumize. Vilevile kama hujawahi kuzaa, kama hedhi imeshakoma na unakuwa mkavu, au kama uliwahi kufanyiwa ukatili na mtu kukugusa kunakurudishia mambo. Huhitaji kusimulia. "Kuguswa huku kunanipa shida, naomba uniambie kila unachofanya kabla hujafanya." Nesi mzuri atakuelewa palepale.

Hatua ya sita: mtu wa kwenda nae

Sisi watu wa Pwani mambo ya mwili tunafundwa. Mwali anawekwa ndani, kungwi anamwambia kila kitu bila kuficha, na ile aibu inatoka kwa sababu pale ni wanawake watupu na kuna mtu mzima amekushika mkono. Hospitali hakuna kungwi. Kwa hiyo nenda na somo yako, dada yako, shoga yako wa kweli, yule ambae hata ukilia njiani hatamsimulia mtu. Mi nilienda na wifi yangu. Tulikubaliana yeye aingie kwanza, atoke anisimulie, alafu ndo mimi. Alitoka baada ya dakika kama 10 anafunga kilemba chake, akaniambia "ingia bwana, kinachouma ni baridi la kile chuma." Nikaingia.

Mume wako hatatakiwa asaini kitu chochote. Kumwambia ni uamuzi wako, mimi nilimwambia baada, wengine wanamwambia kabla na anawapa nauli.

Hatua ya saba: ndani ya chumba, dakika kwa dakika

Naelezea yote kwa sababu kitu usichokijua ndo kinaongeza aibu. Kwanza unakaa kwenye kiti umevaa kabisa, anakuuliza maswali, umri, watoto wangapi, hedhi ya mwisho lini, njia gani ya uzazi wa mpango, kama umewahi kupima. Alafu anakwambia uende nyuma ya pazia uvue chupi, chukua muda wako hapo, ifunge ndani ya pochi ukitaka. Unalala chali kitandani, unakunja magoti, unafungua miguu, unajifunika na kanga. Muulize kama mlango umefungwa, na usipofungwa mwambie afunge.

Anavaa glavu, anaangalia nje kwanza, alafu anaingiza kifaa wanakiita spekulamu, kiko kama mdomo wa bata, kinafunguka taratibu ili mlango wa kizazi uonekane. Hapa wanawake wengi tunanyanyua makalio na kubana, na ukibana ndo panauma. Shusha makalio yagandame kwenye kitanda, toa pumzi ndefu kwa mdomo, vidole vya miguu vilegeze. Mwambie akilowanishe na maji ya uvuguvugu kama kipo baridi. Vipo saizi tofauti, ukiona ni kikubwa sema. Ukisema "simama" anatakiwa asimame, hicho kitu kiweke kichwani kabla hujalala.

Alafu anapaka siki na pamba, ndio siki, ile iliyozimuliwa kwa ajili ya hospitali, anasubiri kama dakika moja aangalie kama kuna sehemu imebadilika kuwa nyeupe. Utasikia ubaridi, au kuwashwawashwa kidogo. Hiyo dakika moja ndo ndefu kuliko zote, uongee nae, au uhesabu, au usome dua unayoijua. Mi nilimuuliza sista watoto wake wanasoma wapi. Akitoa kile kifaa imeisha. Kote kwa pamoja ni dakika chache, unaweza kutoka damu kidogo sana kwa hiyo beba pedi.

Unapovaa jifute taratibu, usikimbie. Kuna wengi wanavaa haraka kwa aibu wanaondoka bila kusikiliza majibu vizuri.

Kama bado kuonwa ndo huwezi kabisa

Kuna kipimo kingine cha kutafuta kirusi chenyewe cha HPV, na kizuri chake sampuli unaweza kujichukulia mwenyewe. Unapewa kijiti chenye pamba au kiburashi, unaenda chooni au nyuma ya pazia peke yako, unakiingiza, unakizungusha, unakirudisha kwenye kichupa chake. Hakuna anayekuona. Shirika la Afya Duniani linakikubali na ni kizuri sana hata kwa mwanamke aliyepita miaka 50, maana umri huo ile sehemu wanayoangalia kwa siki inakuwa imeingia ndani haionekani vizuri. Hakipo kila kituo, kwa hiyo uliza, "mna kile cha kujichukulia mwenyewe?" Ila kikionyesha una kirusi itabidi uangaliwe na nesi, hapo rudi juu hatua ya nne.

Hatua ya nane: majibu

Cha siki majibu ni hapohapo. Ukiambiwa hakuna kitu, rudi baada ya miaka mitatu, mwenye VVU atapangiwa karibu zaidi.

Ukiambiwa kuna sehemu nyeupe, usitoke hapo ukaanza kugawa vitu vyako. Nyeupe peke yake haimaanishi saratani, mara nyingi ni seli zilizobadilika ambazo zikiachwa zinaweza kufika huko. Sehemu nyingi wanakutibu siku hiyohiyo, wanagandisha ile sehemu kwa baridi kali au wanaiunguza na kifaa cha moto, inachukua dakika chache, maumivu ni kama ya tumbo la hedhi. Ikiwa kubwa sana au wana wasiwasi wanakupa rufaa. Baada ya matibabu utatokwa na majimaji wiki kadhaa, hiyo ni kawaida, na unatakiwa ukae wiki 4 bila tendo. Hapo ndo aibu inarudi kwa mlango mwingine, kumwambia mume. Muombe sista akuandikie kwenye karatasi, au umwite mumeo kliniki aambiwe na yeye. Homa, damu nyingi au maumivu makali ya tumbo, rudi siku hiyohiyo, usingoje wiki 4 ziishe.

Na binti zako, chanjo ya HPV ipo toka 2018, sasa hivi ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mwache achanjwe. Akifika 30 na yeye atakuja kupima, chanjo haiondoi kipimo.

Kabla hujatoka getini andika tarehe ya kurudi kwenye simu na nyuma ya kadi. Mimi yangu ni mwakani mwezi wa tatu. Mama mdogo nimemwandikia tarehe hiyohiyo, ana miaka 48 na hajawahi kupima hata mara moja, tumekubaliana mimi naingia kwanza natoka namsimulia, na kashanitumia meseji kuuliza kama lile dera lake la bluu linafaa. Nimemwambia linafaa, na kanga nambebea mimi.